La Mgambo Limelia Nyeri, Pwani Twasikia?

Safari iliyonipeleka Nyeri haikuwa ya matembezi. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, aliolewa huko na kijana wa Kigikuyu aliyesilimu wakati akifanya kazi bandarini Mombasa. Mwezi wa Julai uliopita mama mkwe wake akafariki. Marehemu hakuwa Mwislamu; alikuwa mama wa kanisa mpaka siku yake ya mwisho. Lakini alimlea mpwa wangu kama aliyemzaa mwenyewe, na kila Ramadhani alikuwa akimwashia jiko usiku wa baridi ili mkaza mwanawe asikose daku. Mtu kama huyo hapimiwi umbali. Nilifunga kitambaa changu shingoni, nikapanda treni hadi Nairobi, na kutoka Nairobi nikaingia matatu ya Nyeri.

Tangu Thika hadi Karatina dereva hakuzima redio, wala hakuna abiria aliyemwomba aizime. Ilikuwa ikisema Kigikuyu tupu. Mimi Kigikuyu sikijui, lakini masikio ya mtunga mashairi hayatulii. Hutafuta neno la jamaa hata ugenini. Mara nikalisikia jina la stesheni yenyewe: Inooro. Nikamuuliza kijana niliyekaa naye maana yake. Akaniambia, "Mzee, ni lile jiwe la kunolea panga." Nikacheka peke yangu. Sisi twanoa kwa kinoo, wao wananoa kwa inooro. Jiwe ni moja, ila lao limepanda mlima.

Nilipowasili nyumbani kwa wafiwa, jua lilikuwa linatua nyuma ya Milima ya Nyandarua na watu wamejaa uani. Ilipofika saa ya matangazo ya tanzia mzee mmoja aliinua mkono, na uwanja mzima ukanyamaza. Redio iliwekwa juu ya kiti, kana kwamba nayo ni mgeni aliyekuja kutoa rambirambi. Mtangazaji, sauti yake nzito na ya taratibu, akaanza kuwataja marehemu wa siku ile mmoja mmoja: mwana wa nani, mke wa nani, mama wa kina nani, wa kijiji gani, atazikwa lini na wapi. Alipofika kwa marehemu wetu aliwataja watoto wake wote, kisha wakaza wana. Hapo nikalisikia jina la mpwa wangu, na la baba yake, na la babu yake, yote matatu yametamkwa sawasawa kama anavyoyatamka mwalimu wa chuoni kwetu, na mwisho wake: Kibokoni, Mombasa.

Sikutarajia kutokwa na machozi kwa tangazo la redio, tena kwa lugha nisiyoijua.

Baadaye mkwe wangu alinieleza. Kigikuyu hakina baadhi ya sauti zetu. Hakina l, wala f, wala p. Mtangazaji alipopokea karatasi yenye majina ya Kiislamu alimpigia simu, akamwomba amtamkie kila jina mara tatu, naye akalirudia mpaka likakaa. "Alisema, Mjomba, kuwa jina la mtu likiharibika siku ya msiba ni kama kumzika mara ya pili."

Nalileta neno hili kwenu, ndugu wasomaji wa Pwani, kwa sababu limenikumbusha jeraha langu mwenyewe. Miaka michache nyuma alifariki ndugu yangu Mombasa. Niliandika tangazo kwa mkono wangu, nikalipeleka kwenye stesheni moja ambayo sitaitaja, kwamba mazishi ni baada ya sala ya alasiri, makaburini Kikowani. Kijana aliyepewa kulisoma alilitazama neno "alasiri", hakulijua, akaona alirahisishe. Akasoma "jioni". Waliokuja kwa tangazo lile walifika saa kumi na moja na nusu na kulikuta kaburi limeshafukiwa, sisi tumesharudi nyumbani. Miongoni mwao alikuwamo mzee aliyekaa dahari moja na ndugu yangu, aliyetoka Malindi kwa ajili ya kumswalia. Alisimama mbele yangu asiseme kitu. Huo ulikuwa mji wa Mvita, lugha ni Kiswahili, na redio ni yetu.

STESHENI MBILI ZA ZAMANI

Watu wengi hudhani redio ya Nyeri na redio ya Mombasa hazina nasaba. Zinayo. Redio ilianza Kenya mwaka 1928, ikisema Kiingereza kwa ajili ya walowezi. Mwaka huo huo Wagikuyu walianza kuchapa gazeti lao kwa lugha yao, Muigwithania, maana yake mpatanishi, na mhariri wake alikuwa Jomo Kenyatta. Mzungu akawa na sauti hewani, na Mgikuyu akawa na sauti karatasini.

Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ilitambua kuwa karatasi peke yake haimfikii kila mtu. Mwaka 1953 ikaanzishwa idhaa ya Waafrika, yenye vipindi vya Kiswahili, Kigikuyu, Kijaluo, Kikamba, Kiluhya, Kinandi na Kiarabu. Na ilipoundwa Kenya Broadcasting Services palikuwa na vituo vya mikoani vitatu. Kisumu palikuwa na kituo cha Ziwa, Nyeri palikuwa na kituo cha Mlima Kenya, na Mombasa palikuwa na Sauti ya Mvita, ambayo wazee wetu wangali wakiitaja kwa mapenzi.

Basi Nyeri na Mvita zilikuwa ndugu wa tumbo moja, lakini hazikulelewa namna moja. Huko Majengo, Nyeri, nilikokwenda kuswali Ijumaa, nilikaa na mzee mmoja Mwislamu aliyepindukia miaka themanini. Nilipomsifia jambo la kuwa na redio ya Kigikuyu zama zile, alitikisa kichwa. Alisema walipokuwa wamefungiwa ndani ya vijiji vya mitaro na miiba, sauti iliyowajia ilikuwa ya Kigikuyu safi, yenye methali na misemo, ila maneno yake yalikuwa ya wale wale waliochimba mitaro. "Ulimi ulikuwa wetu," akasema, "mdomo haukuwa wetu."

Neno hilo nimerudi nalo Mombasa. Nadhani historia yote ya redio za huko imo ndani yake.

KUTOKA SERIKALINI HADI SOKONI

Mwaka 1961 KBS ilipokea jina la KBC. Tarehe 1 Julai 1964, nchi ikiwa imeshajitawala, ikawa Sauti ya Kenya, VOK. Na mwaka 1989 ikarudia jina la KBC. Sisi tuliozaliwa karibu na mwaka 1970 tulilelewa na sauti hiyo. Kiswahili kilikuwa na idhaa yake ya taifa, na mtoto wa Freretown, marehemu Leonard Mambo Mbotela, akituuliza kila wiki kama mambo tunayoyafanya ni ya kiungwana. Aliianza kazi hiyo ya kuuliza mwaka 1966, na Mwenyezi Mungu akamchukua Februari 2025. Kigikuyu, kwa upande wake, kilipewa saa chache kwa siku kwenye idhaa moja na lugha nyingine kadhaa, kama wapangaji wanaopokezana bomba la maji.

Milango ilianza kufunguka katika miaka ya 1990. Capital FM ilianza mwaka 1996, ikisema Kiingereza mjini Nairobi. Kisha mwaka 2000 mwanamke mmoja, Rose Kimotho, kwa kampuni yake ya Regional Reach, akafanya jambo ambalo wenye mali wengi waliliona la upuuzi: akafungua stesheni ya kibiashara inayosema Kigikuyu mchana na usiku. Akaiita Kameme. Haikuwa ya serikali wala ya kanisa. Ilikuwa duka, na bidhaa yake ilikuwa lugha ambayo mtoto wa shule alikuwa akichapwa akiisema darasani.

Wakubwa walishtuka. Rais Moi alisema hadharani kuwa redio za lugha za makabila zitawagawa wananchi, akataka vituo viseme Kiswahili au Kiingereza. Lakini soko lilikuwa limeshasema. Haikupita muda KBC yenyewe, redio ya serikali, ikaanzisha stesheni yake ya Kigikuyu na kuiita Coro, yaani baragumu. Mimi niliposikia maana ya jina hilo niliona siwa ya Pate ya pembe za ndovu na siwa ya Lamu ya shaba. Nao huko milimani walikuwa na pembe yao ya kuitana. Tena sauti kwa Kigikuyu ni mũgambo. Na sisi twasema la mgambo likilia lina jambo. Wanaopenda kutuambia kuwa Kiswahili na lugha za bara ni maji na mafuta, na wakae na maneno haya matatu: kinoo, baragumu na mgambo.

Kisha likaja kundi la Royal Media la Samuel Kamau Macharia na Inooro yake, na kwa majirani wa mlima ikawapo Muuga kwa Wameru na Wimwaro kwa Waembu. Kameme nayo baadaye iliingia mikononi mwa kampuni ya Mediamax. Mwaka 2015 Inooro ikazaa na televisheni.

Msomaji ajue pia kuwa stesheni hizi kubwa za mlimani haziketi mlimani. Inooro hutangaza kutoka Nairobi, kwenye barabara iitwayo Maalim Juma, inayotokana na barabara ya Dennis Pritt, wakili aliyemtetea Kenyatta mahakamani Kapenguria. Na ndani ya kundi hilo hilo la Royal Media imo Bahari FM, iliyoanzishwa kwa ajili yetu sisi watu wa Pwani. Mmiliki ni mmoja. Basi tusiseme kuwa wenzetu wamefanikiwa kwa sababu ya mtaji na sisi tumenyimwa mtaji. Tofauti iko kwingine.

SIKU MOJA NA REDIO YA MLIMANI

Nilikaa Nyeri siku tano, na siku tatu kati ya hizo nilisikiliza redio kama mtu anayesoma kitabu, mkwe wangu akinifasiria.

Alfajiri ni dua na nyimbo za kanisa. Kukikucha huja maongezi ya asubuhi: watangazaji wawili, mmoja mkali na mmoja mcheshi, na simu za wasikilizaji zisizokatika. Siku niliyosikiliza walikuwa wakibishana juu ya mirathi ya shamba. Mwanamume mmoja alipiga simu kulalamika kuwa dada zake walioolewa wanadai sehemu yao. Mtangazaji akamjibu kwa methali, msikilizaji akarudisha methali nyingine, naye mama mmoja akapiga simu kutoka shambani akazijibu methali zote mbili kwa moja. Mkwe wangu alicheka hata akashindwa kunifasiria. Nami nikawaza: haya ni majibizano yale yale ya zama za Muyaka, ila uwanja wake ni simu ya mkononi.

Mchana ni mambo ya shamba: ng'ombe wa maziwa, maradhi ya kahawa, bei ya majani chai, na mtaalamu anayeulizwa na mkulima papo hapo. Humo ndimo wafanyabiashara wanamotangaza: chakula cha mifugo, mbolea, mapipa ya maji, vyama vya akiba na mikopo. Hapo ndipo nilipofahamu ujanja wa biashara hii. Tangazo la chakula cha ng'ombe halisomwi tu. Hutungwa kama hadithi fupi, mke na mume wanagombana juu ya ndoo ya maziwa, kwa Kigikuyu cha kijijini kilichokolea. Anayelipia tangazo amejua kuwa neno zuri huuza. Kwa hiyo mtu mwenye neno zuri analipwa.

Usiku huja nyimbo za zamani. Joseph Kamaru wa Murang'a, aliyefariki Oktoba 2018, hupigwa kama tunavyopaswa sisi kumpiga Juma Bhalo. Kamaru ndiye aliyetunga wimbo wa kumlilia J.M. Kariuki, mbunge aliyeuawa Machi 1975, na vijana waliozaliwa miaka ishirini baada ya kifo hicho nimewasikia wakiimba naye neno kwa neno.

Nilimuuliza mkwe wangu kama zile fumbo za wahenga wao zingaliko. Wagikuyu walikuwa na gĩcaandĩ, ushairi wa mafumbo wa watu wawili wanaoshindana, wakishika kibuyu kilichochorwa alama. Mwanazuoni Kimani Njogu ameutafiti ushairi huo, na mtu huyo huyo ametafiti mashairi ya Kimondo ya Lamu, waliyopigana nayo washairi wetu katika uchaguzi wa miaka ya 1970. Tena yeye ndiye mwandishi wa mchezo wa redio wa Kiswahili, "Ushikwapo Shikamana". Mtu mmoja akavuka kutoka kibuyu cha mlimani hadi karamu ya Lamu, naye hakuona ukuta. Mkwe wangu alijibu kuwa kibuyu chenyewe hajawahi kukiona, lakini mafumbo huyasikia redioni, na binti yake wa miaka tisa hupenda kuyafumbua kabla ya watangazaji.

Mtoto huyo, ndugu msomaji, mama yake ni wa Kibokoni. Anajua mafumbo ya Kigikuyu kwa redio. Ya Kiswahili, alipoulizwa na mimi, hakujua hata moja.

SI KILA KILICHO CHA LUGHA YA MAMA NI HALALI

Sitaki nifahamike vibaya, nikaonekana nimepanda mlima nikashuka nimelewa sifa. Yule mzee wa Majengo alinionya, na historia inamuunga mkono.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchi yetu iliwaka moto. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Katika lawama zilizofuata, redio za lugha za mama zilitajwa, za Bonde la Ufa na za Kigikuyu pia, kwamba simu zilipokelewa bila breki na nyimbo zikapigwa zenye sumu ndani ya fumbo. Mtangazaji mmoja wa redio ya Kikalenjin, Joshua arap Sang, alifikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, na kesi yake ikafutwa Aprili 2016. Ni haki kusema vilevile kuwa ziko stesheni zilizotumia lugha hizo hizo kuwasihi watu warudi majumbani. Lakini funzo limebaki. Lugha ambayo jirani yako haifahamu ni chumba cha ndani. Chumbani mtu hupumzika, na pia ndimo watu wanamopangia njama.

Kuna na sumu nyingine isiyotoa damu. Stesheni ya biashara hula kwa matangazo, na anayelipa sana leo ni mwenye kamari. Tangu kucha hadi kuchwa msikilizaji huambiwa atume shilingi kidogo avune nyingi. Mwisho wa Aprili 2025 serikali ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30, ikisema yamewazidi watoto na vijana. Siku thelathini ni kama kumwambia mlevi asinywe hadi Ijumaa. Na hapa sisi wa Pwani tusijifanye malaika, maana kamari hiyo hiyo hutangazwa kwetu kwa Kiswahili, baina ya kaswida na adhana.

NA SISI JE?

Sasa nije kwetu. Hatukukosa redio. Tumepata Pwani FM, tumepata Baraka, tumepata Rahma na Salaam zilizoanzishwa kwa mlango wa dini, tumepata Kaya kwa ndugu zetu wa Kwale, tumepata Bahari. Na lugha yetu ndiyo lugha ya taifa. Katiba ya 2010 imesema hivyo katika kifungu cha 7, na kifungu hicho hicho kikaamuru lugha nyingine za wananchi zilindwe na kukuzwa. Kwa sheria na kwa historia sisi ndio tuliostahili kuwafunza wengine namna ya kuendesha redio kwa lugha tamu.

Lakini nadhani ule ukubwa wa Kiswahili ndio uliotulaza. Mgikuyu alijua kuwa asipokilinda Kigikuyu hewani hakuna mwingine atakayemlindia. Sisi tulisema Kiswahili kina wenyewe wengi, kina serikali, kina vyuo vikuu, kina Dodoma na Zanzibar; hakitapotea. Kweli, hakitapotea. Ila kile cha Mvita, cha Amu, cha Pate, kile chenye alasiri na daku na mkaza mwana, hicho kina wenyewe wachache kuliko Wagikuyu, na kinapotea tukisikiliza. Stesheni huajiri kijana kwa wepesi wa ulimi wake na wingi wa wafuasi wake simuni. Hakuna anayemuuliza kama anajua tofauti ya mawio na machweo. Hulelewa na watangazaji wa Nairobi, akaja kutusomea tanzia zetu. Taarabu imesukumwa usiku wa manane. Mshairi huitwa siku ya Iddi, akapewa dakika tatu, na hiyo ndiyo nauli yake.

Wengine watanijibu kuwa biashara haiwezi kuishi kwa mashairi. Nawajibu kwa Nyeri. Muuza chakula cha ng'ombe hatoi sadaka. Anatoa pesa kwa sababu Kigikuyu kizuri kinamrudishia pesa. Muuza mchele wa Kongowea, muuza maiti ya samaki kavu, mwenye basi la Lamu, wote hao wana wateja wanaotabasamu wakisikia Kiswahili cha mama zao. Hakuna aliyewajaribu.

Sina uwezo wa kutoa amri, nina kalamu tu. Kwa kalamu hiyo nawaomba wenye stesheni za Pwani mambo matatu yasiyowagharimu mnara mpya. Kwanza, kila stesheni iwe na mtu mzima mmoja, mwanamume au mwanamke, anayeijua lugha na mila, ambaye hakuna tanzia wala tangazo la dini litakalosomwa kabla hajalipitia. Pili, mshairi na msimulizi walipwe kama anavyolipwa mwenye kupiga muziki, si kwa soda na ahsante. Tatu, wawape watoto saa moja kwa siku ya vitendawili na mafumbo, wapige simu wafumbue, ili mjukuu wa Kibokoni aliyeko Nyeri, anayezipata stesheni hizi kwa simu ya mama yake, asikie kuwa upande wa pili wa damu yake nao una akili.

Na sisi wasikilizaji tuna fungu letu. Mtangazaji anapoharibu neno tunacheka, tunalisambaza simuni, basi. Wale wa Nyeri, mkwe wangu ameniambia, mtangazaji akikosea methali simu humiminika mpaka aombe radhi hewani. Hawamchukii, wanamnoa. Ndiyo maana ya inooro.

Asubuhi ya kuondoka niliamka alfajiri, baridi inauma, nikaswali, nikaketi jikoni na mpwa wangu kwenye jiko lile lile alilokuwa akiwashiwa na marehemu. Redio ilikuwa ikiomba dua zake kwa sauti ya chini. Binti wa miaka tisa akaja, akaketi mapajani mwangu, akaniambia, "Babu, nipe kitendawili cha Mombasa." Nikampa cha nyumba yangu haina mlango. Alifikiri mpaka chai ikachemka, akasema ni yai. Nikampa kingine, na kingine, mpaka matatu ikapiga honi.

Ndani ya gari nilitunga ubeti huu, nami nawaachia wenye kipaza sauti wausome wakipenda, lakini wautamke sawasawa:

Lugha ni kisima chetu, tusitupe taka ndani,
Walichimba watu wetu, wakanywa wa visiwani,
Leo waja na wenzetu, watokao milimani,
Wakikuta tope kwetu, tutawajibu na nini?